Binti Aliyekula Ukuta

Salme binti Kombo hakuwa na nguvu za kuruka kamba. Hakuwa na wekundu mdomoni wala kwenye kucha. Hakuwa na hamu ya kula, hakuwa na pumzi za kutembea kutoka mtaani kwao Majengo hadi shuleni bila kupumzika njiani, na rafiki hakuwa naye hata mmoja. Kiburi ndicho pekee alichokuwa nacho, tena cha kugawia mtaa mzima na kingine kikabaki.

Kiburi hicho hakukiokota njiani. Baba yake, Mzee Kombo, alikuwa na duka dogo la rejareja. Kwa kuwa aliuza mkate mweupe na jamu ya kopo, aliamini kwamba Mungu hakuumba chakula kingine cha maana. Asubuhi Salme alipewa chai ya sukari tele na mkate uliopakwa jamu. Mchana, mkate tena. Usiku, wali mweupe na mchuzi mwepesi. Mama yake, Bi Muhiba, akithubutu kupika mchicha, Mzee Kombo aliisukuma sahani kwa ncha ya kidole kana kwamba ina upele.

"Majani haya wape mbuzi," alisema. "Maharage ni ya wafungwa, dagaa ni wa makuli, maini ni ya paka. Jirani akichungulia akaona tunakula hivi, nani ataniheshimu?"

Bi Muhiba aliirudisha sahani jikoni. Salme alicheka, akaenda shuleni na maneno yale yale kinywani.

Darasani aliketi na Apondi, binti wa mfanyakazi wa reli aliyekaa mtaa wa Shauri Moyo. Saa ya kula, Apondi alifungua kopo lake.

"Leo umeleta nini, mama dagaa?" Salme aliuliza huku ameziba pua.

"Dagaa," Apondi alijibu akitafuna. "Ziba na macho, usije ukaona ninavyoshiba."

Apondi alishiba, akaruka kamba, akarudi kwenye hesabu. Salme alilaza kichwa juu ya dawati, akasinzia. Ndivyo ilivyokuwa karibu kila siku, hata Mwalimu Idarusi akachoka naye.

"Salme, hapa ni shule au nyumba ya wageni?" alimwuliza. Darasa likacheka, lakini yeye hakucheka. "Mtihani wa darasa la nne umekaribia. Asiyefaulu haendi la tano, na mimi sipeleki mtihanini mtu mvivu. Jina lako nimelitoa."

Kwa mengi Salme alikuwa mpumbavu, lakini kusoma alikupenda kwa dhati. Alijua pia kwamba binti aliyeachwa darasa la nne angekaa nyumbani kupepeta mchele hadi aposwe. Alitoka darasani akilia, akasahau hata vitabu vyake.

Apondi alivichukua, akamfuata hadi Majengo. Alimkuta nyuma ya jiko la nyumba yao, amechuchumaa, anakwangua ukuta wa udongo kwa kucha na kutia vipande mdomoni.

"Salme, unakula nyumba?"

"Sili. Naonja tu."

Apondi alilitazama shimo lililokuwa ukutani. "Umeonja mpaka panya wamepata mlango. Dagaa wangu wananuka, lakini ukuta mtamu, siyo?"

Salme aliinamisha uso. Hapo Apondi akaacha utani. "Mdogo wangu naye alikula udongo hivi hivi. Kumbe alikuwa mgonjwa. Nakwenda kumwita mama yako."

Bi Muhiba aliliona shimo, akavaa buibui bila kumwuliza mtu, akamshika Salme mkono. Mzee Kombo aliwafuata hadi zahanati, akinung'unika njia nzima kwamba dawa ya uvivu ni bakora.

Daktari alivuta chini kope za Salme. Ndani, pahali pa wekundu palikuwa peupe kama karatasi. Akamdunga kidole, akapima damu.

"Mnamlisha nini?"

"Mkate mweupe, jamu na chai," Mzee Kombo alijibu kwa madaha. "Chakula cha kistaarabu."

"Basi ustaarabu wako umempa damu kama chai iliyoongezwa maji mara tatu," daktari alisema. "Mtoto huyu ana upungufu wa damu. Damu inahitaji madini ya chuma, na chuma kiko kwenye maini, nyama, dagaa, maharage na mboga za majani. Kikikosekana, mtoto huchoka na kusinzia, na wengine hutamani udongo. Udongo nao haumwongezei damu, unamwongezea minyoo."

"Lakini daktari, mimi si maskini."

"Ndiyo maana naona aibu kukueleza. Maskini ana sababu. Wewe una sababu gani?"

Mzee Kombo alilipa, akatoka. Jioni alikwenda kwa Hared, mwuza nyama, akaomba maini kwa sauti ya chini.

"Ya paka?" Hared aliuliza.

"Ya binti yangu," alisema, akahesabu pesa.

Salme alimeza vidonge vya chuma na dawa ya minyoo. Alikula maini, maharage na mchicha, kwanza kwa kukunja uso, kisha kwa kuomba nyongeza. Majuma yalivyopita, kucha zilipata rangi na usingizi wa darasani ukamtoka. Alimwomba Apondi radhi. Apondi alimsamehe, ila jina la "mama jamu" hakuliacha.

Mwalimu Idarusi, aliyesikia habari kwa Apondi, alifika dukani mwenyewe. "Nilimwita mvivu, nikakosea. Mkuu wa shule amekubali kulirudisha jina lake, ila anataka barua ya mzazi inayoeleza mtoto alikuwa na nini."

Mzee Kombo alichukua kalamu, akaandika kwamba binti alishikwa na homa.

"Baba," Salme alisema kutoka nyuma ya meza ya duka, "haikuwa homa."

Mzee aliichana karatasi ile.

"Sikiliza, mwanangu. Nilidharau chakula kizuri kwa sababu kilikuwa cha bei rahisi, nikakulisha sifa. Sifa hazitii mtu damu. Mwenye kuchagua chakula kwa macho ya majirani, mwili wake ndio unaolipa."

Akaandika upya, pole pole, kwamba mtoto aliugua kwa ujinga wa baba yake. Alitia sahihi, akaikunja barua ndani ya bahasha, akaramba gundi na kuibana kwa kiganja. Kisha akamkabidhi Mwalimu Idarusi mbele ya wateja wote, na mwalimu akaondoka nayo.