Majina Ambayo Hayakuitwa

Harufu ilianzia kwenye faili la picha. Raghad alikuwa amelifuta asubuhi. Alipofungua jingine, lile lililofutwa likatokea humo ndani, na chumba kizima kikanuka dagaa waliooza. Akapangusa kibodi. Kidole kikarudi na utelezi wa kijivu, kama makamasi.

"Darwesh," alimwita mumewe, "kosa hili si tulishaliondoa mwaka jana?"

Walikuwa wawili tu ghorofani, mjini Bagamoyo, wakitengeneza mfumo wa kutunzia mafaili kwa ajili ya zahanati moja ya Lugoba. Kila kosa waliloliondoa walilitungia jaribio lake, ili kila wakigusa programu wahakikishe halijarudi. Majaribio yote yalikula siku mbili. Juzi Darwesh alibadilisha sehemu ndogo, akaendesha yale tu yanayoihusu.

"Siku mbili kwa mstari mmoja? Tutazeeka hatujakabidhi kitu."

"Zeeka basi," alisema Raghad, akicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikukoma mpaka alipotema kwenye leso donge la kijani lenye nywele ndani yake, likajikunja lenyewe kama konokono aliyemwagiwa chumvi, na Darwesh, aliyetaka kumshika mkewe mabega, akajikuta amerudi nyuma kwa kinyaa.

Akampigia simu Bi Sihaba, mganga wa Kaole, naye akafika jioni hiyo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nyumba hii tena? Niliisafisha kabla nyie hamjahamia."

Alifukiza ubani, akamshikisha Raghad beseni. Aliyotapika yalikuwa meusi, mazito, yakichemka bila moto. Kisha macho yake yakatulia, akaomba maji.

"Ametoka," Darwesh alinong'ona.

"Huyu, ndiyo. Lakini nikimtoa pepo mmoja, huwaita wote niliowahi kuwatoa humu, kila mmoja kwa jina lake. Wakinyamaza, amani. Akiitika mmoja, tunaanza upya."

"Utamaliza lini?"

"Kesho alfajiri. Kwani una harusi?"

Honi ikalia barabarani. Gari la zahanati lilikuwa limefika kuchukua diski yenye ule mfumo.

"Bibi, waite wale wanaofanana na huyu tu. Wengine wana uhusiano gani naye?"

Bi Sihaba akaongeza ubani chetezoni. "Mke ni wako, baba."

Akaita majina machache. Kimya. Darwesh akashusha pumzi, akateremka, akamkabidhi dereva diski, akasubiri mpaka gari likate kona.

Aliporudi, Raghad ameketi kitandani, uso umeoshwa, anachana nywele. Bi Sihaba anakunja mkeka wake huku akitaja majina yaliyobaki, polepole, maana moyo wake ulikuwa umekataa kuondoka hivihivi.

"Mwinyi Usaha."

"Naam," akaitika Raghad.

Sauti ilikuwa ya mwanamume mzee. Midomo yake haikufunguka. Shingo tu ndiyo iliyovimba na kunywea, kama ya chura, na kitana kikaendelea kupita nywelani taratibu, kikitoka kila mara na ngozi ya kichwa, laini, nyeupe, kama utando wa maziwa yaliyoganda, naye hashtuki.

"Raghad," Darwesh alisema. "Mke wangu."

Hakuitika.

Bi Sihaba akaukunjua mkeka, akaita jina lililofuata. Likaitika nalo, kwa sauti nyingine.