Wali wa Mbweha

Ummukulthum alikuwa amechoka hata kabla ya kwenda kazini. Alifungua mlango alfajiri, akakuta taka zimetapakaa tena. Mbweha alikuwa ameupasua mfuko uliokuwa kando ya pipa. Mifupa ya kuku na maganda ya viazi vilifika mpaka kwa jirani.

Mumewe Hafidh alikuwa ameshatoka kwenda kuendesha basi. Ummukulthum naye alikuwa akisubiriwa Lewisham, mtaa mmoja wa mji huo wa ughaibuni, kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi ya kuwaogesha. Akainama, akaanza kuokota.

"Fox again, Mama," alisema binti yao Miska, bado amevaa nguo za kulalia.

"Naona, mwanangu. Rudi ndani, baridi."

Kila asubuhi Miska hupelekwa skuli na Bi Bhavna, jirani wa mlango wa pili. Ni Mhindi aliyezaliwa Kisumu, na Kiswahili chake hakijaota kutu. Asubuhi hiyo alikuja, lakini hakuingia.

"Mama Miska, nimechoka," alisema. "Huyo fox amechimba dania yangu yote bustanini. Jana ameingia mpaka jikoni. Leo nitampeleka mtoto. Kuanzia Jumatatu tafuta mtu mwingine."

Ummukulthum aliingiwa na hofu. Bila Bi Bhavna angelazimika kuacha kazi.

"Bi Bhavna, mifuko nanunua ile minene. Hao watu wa council ya mji ndio hawaji kumkamata."

"Na wali je?"

"Wali gani?"

"Ule unaomwaga pale uani kila jioni. Mimi naona dirishani."

Ummukulthum alitazama uani. Bibi yake kule Pemba alimfundisha kwamba chakula ni neema, hakichanganywi na uchafu. Kwa hiyo kila kilichobaki alikiweka nje.

"Nawawekea ndege," alisema.

"Jioni ndege wanalala, mama. Anayekula ni fox. Ameshajua hapa kuna hoteli. Akimaliza wali, anafungua mfuko. Hata huyu akikamatwa, atakuja mwingine, kwa sababu chakula kipo."

"Sasa neema ya Mungu niitupe jaani?"

Bi Bhavna alishusha pumzi. "Hata kwetu chakula hakitupwi ovyo. Lile pipa dogo la council liko wapi?"

Lilikuwa jikoni, limejaa vibanio vya nguo. Bi Bhavna aliingia ndani, akavimwaga vyote mezani.

"Humu weka mabaki ya chakula tu, mifupa pia. Hayachanganywi na taka, yanakwenda kutengenezwa mbolea. Mkono huu wa pipa ulete mbele, kifuniko kinajifunga. Fox hawezi. Mfuko wa taka nao uingie ndani ya pipa kubwa. Pipa likijaa, mfuko ungoje ndani ya nyumba. Usiweke kando."

"Mbolea," alirudia Ummukulthum, na roho yake ikatulia. Bibi yake asingekasirishwa na mbolea.

"Na upike kidogo."

"Hilo gumu. Mgeni akitokea je?"

"Mgeni gani huyo, anapikiwa kila siku na haonekani?"

Ummukulthum alicheka, kicheko cha mtu aliyechoka.

Jioni hiyo hakumwaga wali. Aliutia kwenye pipa dogo, akalifunga, akaliweka nje. Mfuko wa taka aliutia kwenye pipa kubwa, akakisukuma kifuniko mpaka kikakaa. Jumapili alipika kidogo, na bado maharage ya nazi yakabaki. Hayo aliyapakua kwenye sahani, akampelekea Bi Bhavna, ambaye hali nyama. Bi Bhavna aliyapokea, akashukuru. Habari za Miska hakuzitaja, na Ummukulthum aliona haya kuuliza. Usiku alilala na wasiwasi wake.

Jumatatu alfajiri alifungua mlango taratibu. Pipa dogo lilikuwa limeangushwa, lakini halikufunguka. Chini palikuwa safi, kwake na kwa jirani.

Alikuwa bado amesimama pale alipomwona Bi Bhavna anakuja, amevaa koti. Mkononi alikuwa na sahani ileile, na juu yake chapati za moto.

"Sahani hairudi tupu," alisema Bi Bhavna. "Miska, vaa viatu. Mama anachelewa kazini."