Spika Zilizoungua Bila Umeme

Jumatatu asubuhi, umeme uliporudi Dongobesh baada ya kukosekana tangu Jumamosi alasiri, Yonas aliwasha amplifaya ya studio, akaucheza wimbo wa kwaya aliokuwa ameuacha nusu, na kusikia waimbaji wakiimba kana kwamba wamefunikwa midomo kwa kitenge. Besi ilikuwapo. Maneno hayakuwapo. Aliinama karibu na spika ya kushoto akanusa, na alikuwa bado ameinama hivyo Glory, mwenye studio, alipofungua mlango.

"Nini kinanuka?"

"Dada, nimewasha tu sasa hivi."

"Umewasha ukaunguza," alisema Glory.

Hakusubiri jibu. Alipita stendi ya vihaisi vya abiria akielekea kituo cha polisi, na kila aliyemsalimia alielezwa kwamba fundi wake amezichoma spika. Sajenti Fausta alipofika studio, habari zilikuwa zimemtangulia.

Fausta alikuwa na tabia moja iliyowachosha wenzake kituoni: hakuandika maelezo ya jambo asilolielewa. Alivua kofia, akaketi kwenye stuli, akazitazama zile spika mbili nyeusi zilizosimama pande zote za meza. Katika kila kasha palikuwa na spika kubwa chini na kispika kidogo juu, kisichozidi kifuniko cha chupa ya chai.

"Unamshitaki kwa lipi?" alimuuliza Glory.

"Kuharibu mali kwa makusudi. Nilitaka amplifaya ndogo, ya kutosha chumba hiki. Yeye akang'ang'ania kubwa, tukagombana. Spika zinabeba wati mia, amplifaya inatoa mia na hamsini. Hata makondakta pale stendi wanajua kwamba amplifaya ikizidi spika, spika zinaungua. Afande, kama kosa ni lake anaondoka leo, na sidhani kuna mtu hapa Dongobesh atakayempa tena hata tochi ya kutengeneza."

Yonas, kijana wa miaka ishirini na minne aliyejifunza kazi hiyo kwa miaka mitatu, alikuwa ameegemea ukuta. Fausta alimgeukia.

"Fundi, kwa nini uliitaka kubwa?"

"Kwa sababu haichoki, afande. Spika ni za omu nane, kipimo cha ukinzani wa umeme, na amplifaya nayo imepimwa kwa omu nane, kwa hiyo zinaelewana. Tukiipandisha robo tu, chumba kinajaa. Ni sawa na maksai. Mwenye nguvu akivuta jembe, anatembea zake. Ukimfunga ndama jembe lilelile, atavuta, lakini atakoroma."

"Na ndama wa amplifaya akikoroma?"

"Sauti inakatwa vichwa vya mawimbi yake. Inakuwa kali, ya kukwaruza. Ukali wote huo unakwenda juu, kwenye kile kispika kidogo. Sisi tunakiita twita. Twita haina ubavu wa kubeba mzigo ule, inaungua. Ile kubwa ya chini inabaki nzima."

Fausta alikitazama kile kispika. "Kwa hiyo amplifaya ndogo inaweza kuchoma spika kubwa?"

"Ndiyo inayozichoma mara nyingi. Watu hawaamini."

"Hata mimi siamini bado," alisema Fausta. "Fungua."

Yonas alifungua skrubu mbele yao wote wawili, akagusa nyaya kwa mita. Spika kubwa za chini ziliitika, zote mbili. Twita zote mbili zilikuwa kimya, na nyaya zake nyembamba zimegeuka rangi ya kahawa iliyokaangwa kupita kiasi. Fausta hakupenda kumtegemea mshitakiwa kwa maelezo ya kitaalamu. Alitoka nje, akampigia simu fundi Hilary wa Mbulu mjini, mtu asiyemfahamu Yonas, akamweleza alichokiona bila kutaja jina la yeyote.

"Twita zimekufa, za chini zinaishi?" aliuliza Hilary. "Hapo kuna mtu kakamua amplifaya dhaifu mpaka mwisho. Amplifaya kubwa ingezidishwa, ningetegemea za chini zianze kulalamika."

Fausta aliporudi ndani alifanya jambo ambalo Glory hakulitarajia: alilaza spika moja ubavu, akatazama kitako chake. Kulikuwa na gamba kavu la kijani kibichi, limeshikilia vipande vya majani. Alilikwangua kwa ukucha, akanusa.

"Mavi ya ng'ombe," alisema. "Ya juzijuzi."

Sakafu ya studio ilikuwa ya saruji, imepigwa deki mpaka inang'aa.

"Haiwezekani," alisema Glory. "Spika hizi hazijawahi kuvuka mlango ule. Watu huniomba kwa harusi, kwa kipaimara, kwa mikutano. Nawakatalia wote. Hata wakubwa zangu nawakatalia."

"Basi zimevuka. Na zimepigwa nje, mahali penye mifugo, kwa amplifaya isiyohitaji umeme wa ukutani, maana umeme haukuwapo. Kufuli limevunjwa?"

"Hapana."

"Nani ana ufunguo?"

"Mimi. Nilikuwa Mbulu kwa dada yangu tangu Jumamosi jioni, kanisa zima limeniona. Yonas. Na Mzee Gervasi, mwenye nyumba, lakini yule ni mzee wa watu." Glory alifikiri, kisha uso wake ukakunjamana. "Muulize Vicent wa Balangdalalu. Naye ana studio, na Jumamosi alikuja hapa akazipapasa spika zangu kama anayenunua ng'ombe mnadani. Ana amplifaya ya betri ya gari. Yonas ndiye aliyempokea. Nani ajuaye walipanga nini?"

Yonas aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Dada Glory, mimi nilimpa kiti tu."

Jumanne Fausta alipanda pikipiki kwenda Balangdalalu. Alimkuta Vicent, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu, akikausha nyaya juani kama anayekausha mahindi.

"Afande, umeteremka huku kote kuja kuulizia twita?"

"Nimekuja kuulizia Jumapili. Ulikuwa wapi?"

"Hapa, kwenye harusi ya jirani, nikipiga ngoma kwa mdomo."

"Kwa nini kwa mdomo? Nasikia una amplifaya ya betri."

"Ninayo, lakini Jumapili haikuwapo. Nilimwazima Mzee Gervasi pale Dongobesh, Jumamosi."

Fausta hakubadilisha uso. "Alisema ni ya nini?"

"Shughuli ya familia, kijijini Maretadu. Nikamwambia, mzee, hii bila spika ni kopo. Akasema spika anazo."

"Hukuuliza spika zipi?"

"Mtu mzima kama yule unamuulizaje?" Vicent alikuna kichwa. "Ungeuliza wewe?"

"Amplifaya yako ni ya wati ngapi?"

"Imeandikwa mia tano."

"Sikuulizi imeandikwa nini."

Vicent alicheka mpaka akakohoa. "Ikitoa thelathini inamshukuru Mungu. Lakini nakwambia, afande, aliyeitumia hakuionea huruma. Iliporudi, kitufe cha sauti kilikuwa kimezungushwa mpaka mwisho, kimekwama."

Njiani Fausta alijiuliza swali ambalo gamba la mavi na kitufe kilichokwama havikuweza kulijibu. Mzee aliyetaka muziki wa shughuli angekodi spika za tarumbeta, zinazosikika ng'ambo ya bonde. Kwa nini achukue spika za studio, zilizotengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyekaa mbele yake akisikiliza kwa utulivu?

Jibu alilipata Maretadu, Jumatano asubuhi, kwa Mama Marieta wa ukoo wa Mzee Gervasi, aliyekuwa akipura maharage uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Polisi hawaji huku bila ugomvi. Kuna ugomvi gani?"

"Nasikia Jumapili mlikuwa na shughuli."

"Tulikuwa tunamwombea baraka binti yangu kabla ya kuolewa. Wewe ni Mwiraqw, unajua slufay."

Fausta alijua. Mzee wa ukoo husema maneno ya baraka, mstari baada ya mstari, na watu wote huitikia kwa pamoja. Mstari usioitikiwa ni kama mbegu iliyoanguka juu ya jiwe. Tangu utoto wake Fausta hakuwahi kusikia baraka ya ukoo ule ikisemwa na mwingine isipokuwa Mzee Margwe, kaka mkubwa wa Gervasi, aliyefariki mwaka uliopita.

"Nani alisema?"

"Margwe mwenyewe." Mama Marieta aliacha kupura. "Usishtuke. Sauti yake ilirekodiwa kule Dongobesh alipokuwa hai. Gervasi alituambia koo lake limevimba, hawezi kusema, kwa hiyo kaka yake atasema. Akaleta spika mbili nzuri. Mwanzo tulilia, ulikuwa kama unamwona amekaa pale. Lakini watu walikuwa wengi, na unajua tunavyoitikia. Tukiitikia, mstari unaofuata unapotea. Gervasi akaongeza sauti. Tukaitikia zaidi. Akaongeza tena."

"Kisha?"

"Ikaanza kukwaruza. Kisha Margwe akawa kama anasema akiwa ndani ya blanketi. Mngurumo tu. Tukawa tunaitikia pasipo mahali pake, wengine huku, wengine kule, mpaka Gervasi akazima. Binti yangu hajalala vizuri tangu siku hiyo. Anasema babu yake Margwe amemgeuzia mgongo."

"Hakumgeuzia mtu mgongo," alisema Fausta. "Mwambie ni vispika viwili viliungua. Nimeviona kwa macho yangu." Akasimama, kisha akakumbuka. "Mama, koo la Mzee Gervasi lilikuwa limevimba sana?"

Mama Marieta aliangalia maharage yake. "Mchana lilikuwa limevimba. Jioni alibishana na wakwe habari za ng'ombe mpaka kiza, na hakuna aliyemzidi sauti."

Alasiri ya Jumatano Fausta aliwakusanya studio. Glory alikaa mezani, Yonas akasimama karibu na kasha lililofunguliwa. Mzee Gervasi aliingia wa mwisho na fimbo yake na koti lake la sufi, akapokea shikamoo tatu, akajibu marahaba moja iliyowatosha wote.

"Mzee," alianza Fausta, "Glory anasema Yonas amechoma spika kwa amplifaya kubwa. Mimi nimeona kwamba vimeungua vispika vidogo tu, kazi ya amplifaya ndogo iliyolazimishwa. Nimeona kwamba umeme haukuwapo. Nimeona mavi ya ng'ombe kwenye kitako. Vicent amenieleza ya Jumamosi, na nimetoka Maretadu leo."

Gervasi alitazama fimbo yake. "Niliziazima."

"Kwa nani?" aliuliza Glory.

"Nilikuomba mwezi uliopita, ukasema hazitoki."

"Nilisema hazitoki, babu. Sikusema ufunguo uzitoe."

"Nilizirudisha. Nikazifunga nyaya kama nilivyozikuta, nyekundu kwa nyekundu. Sikujua kwamba zimekufa."

"Jumapili hukujua," alisema Fausta kwa upole. "Jumatatu mchana stendi nzima ilikuwa ikijua. Nyumba yako inatazama stendi. Ulimsikia kijana huyu akiitwa mharibifu, na majirani wanasema ulifunga dirisha. Kwa nini?"

Mzee aliketi taratibu kwenye stuli.

"Mzee, koo lako lilipona saa ngapi?"

Kuta zilikuwa zimefunikwa magunia na magodoro ili sauti zisirudi.

"Halikuugua," alisema Gervasi hatimaye. "Siyajui maneno. Miaka yote Margwe alikuwapo. Alisema yeye, mimi nikaitikia. Niliitikia vizuri kuliko watu wote, kwa hiyo wakadhani nayajua. Alipokufa wakaniangalia mimi. Nikasema moyoni, sauti yake ipo, itanivusha. Lakini spika ya tarumbeta ingemfanya awe kama muuza dawa mnadani. Hapa nilimsikia siku anarekodi, kwenye spika hizi, alikuwa yeye kabisa. Nilitaka wamsikie hivyo. Ningesema Jumatatu kwamba nilizichukua, mngeniuliza kwa nini. Kisha mngeniuliza kwa nini sikusema baraka mwenyewe. Nikamwachia kijana mzigo. Nilijua anaubeba."

Glory alikuwa amejiinamia. Alipoinua kichwa alimwelekea Yonas. "Malalamiko yangu nayafuta, afande. Yonas, kazi yako ipo. Samahani, mdogo wangu."

"Asante, dada," alisema Yonas, lakini hakusogea. Sauti yake ilikuwa ya chini na makini. "Hapa tuko wanne. Jumatatu ulisemea stendi."

Glory alitazama nje, kuelekea stendi.

"Kesho nitawaeleza—"

"Hapana," alisema Gervasi. Alijiinua kwa fimbo. "Wewe ulisema ulichokidhani. Mimi nilikuwa ninajua. Twita nitaziagiza nami nitazileta. Lakini lile la stendi ni langu."

"Mzee, si lazima uende mwenyewe," alisema Fausta. "Naweza kuwaambia mimi."

"Na mimi nisimame nyuma yako, niitikie?"

Akatoka. Wakamfuata kwa mbali, Fausta mbele, Yonas akiwa wa mwisho. Haisi ya kwenda Mbulu ilikuwa inajaa abiria, kondakta akigonga bati na kuita, wanawake wakipandisha magunia. Mzee Gervasi alisimama katikati ya njia ya magari, akavua kofia. Alisema jambo, nalo likamezwa na injini.

Dereva alichungulia, akamwona ni nani na kwamba hapandi. Akazima gari. Kondakta akaacha kugonga.

"Jina langu mnalijua," alisema Gervasi, kwa sauti yake mwenyewe, isiyo kubwa. "Spika za Glory nilizichoma mimi, Maretadu, Jumapili. Fundi Yonas hakugusa. Nilinyamaza nikamwacha atukanwe, na nawaomba mnisikilize mpaka mwisho, kwa sababu nitawaambia pia ni kwa nini."