Chale za Bibi Aida

Siku ile soko la Chikongola lilifurika watu, na kadi ya kamera ilibaki moja tu dukani. Shamimu, kajitanda ushungi wa zambarau, aliishika upande mmoja. Upande wa pili aliishika kijana mwenye shati la kitenge na kovu kidevuni. Kijana akaiachia, akaomba namba ya simu badala yake. Aliitwa Ussene, wa kijiji cha Kitaya.

Basi ikawa mapenzi. Kila mchana simu ililia kwenye studio ya picha ya Shamimu, mtaa wa Chuno: umekula, mpenzi? Miezi minne hivyo, hadi Ussene akamwomba ampigie picha bibi yake, Bibi Aida, aliyevuka mto Ruvuma kuja huku angali binti, mashavu yamejaa chale za Kimakonde.

Kompyuta ya Shamimu ilikuwa na programu mbili za kusafishia picha. Moja ya haraka, inalainisha nyuso yenyewe, na maharusi waliipenda kufa. Nyingine ya polepole, kila kitu ufanye kwa mkono wako. Wiki ile aliyompiga Bibi Aida, harusi zilimzonga, akapitisha picha zote, za bibi na za maharusi, kwenye ile ya haraka, akatuma bila kutazama. Haraka haraka haina baraka, na yeye alilijua hilo vizuri sana.

Picha zilifika Kitaya bila chale hata moja. Ussene hakugomba. Alipiga simu, akasema taratibu:

"Kama uso wa bibi yangu unakutia aibu, Shamimu, ungeniambia."

Akakata. Wiki mbili hakupokea simu, na Shamimu akakonda kwa mawazo.

Bahati nzuri picha mbichi, zile ambazo kamera ilizitoa kabla hazijaguswa, alikuwa nazo bado. Akaiondoa kabisa programu ya haraka, maharusi watakaonuna na wanune. Akakaa siku mbili na ile ya polepole, akipandisha mwanga kidogo kidogo, mpaka chale zikajitokeza zote. Akaichapisha picha kubwa, akapanda bodaboda hadi Kitaya.

Bibi Aida aliipokea mwenyewe. Alipitisha kidole kwenye shavu la picha, kisha kwenye lake.

"Huyu ndiye mimi," akasema. "Yule wa kwanza sikumjua."

Shamimu akamgeukia Ussene. "Haikuwa aibu. Ilikuwa haraka yangu, nisamehe."

"Na mimi nilikata simu bila kuuliza." Ussene akamsogelea. "Nikileta posa Chuno, picha za harusi utazisafisha kwa ipi?"

"Ya polepole," Shamimu akajibu, machozi yakimlenga. "Na hilo kovu lako la kidevu silifuti."