Mwanachama Aliyekwisha Kuzikwa

Mashine ya uwanja wa ndege ilimkaribisha Noelie Trahan kwa wingi.

"Karibuni," ilisema, na kigeti cha kioo kikafunguka, kikakaa wazi kuliko kawaida, kama mlango anaoshikiwa mtu anayekuja nyuma na mzigo. Noelie aligeuka. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu tu, ya yale mafuta ya kijani aliyokuwa akijipaka mumewe Ovide baada ya kunyoa ndevu, na Ovide walikuwa wamemzika kabla ya Krismasi.

"Ni mashine tu, mama," alisema kijana wa zamu. "Nayo ina siku zake."

Noelie akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka. Hata kanisani, siku ya mazishi, alicheka padri alipomsifu marehemu kwa uvumilivu. Ovide na uvumilivu! Mtu aliyeuza vipuri vya pampu za mafuta huku na huko, leo Houston, kesho Midland, na aliyeona foleni ya uwanja wa ndege kuwa tusi alilotukanwa yeye binafsi. Ndiyo maana alijiandikisha katika njia ya haraka: unalipa ada kila mwezi, mashine inakutazama macho, unapita ubavuni mwa watu waliosimama kama ng'ombe wanaosubiri kuogeshwa. Na kwa kuwa alimpenda mkewe, akamwandikisha na yeye chini ya jina lake.

Walibishana juu ya uanachama huo mpaka nzi wa jikoni wakaujua.

"Unalipa ili upate nini?" Noelie alikuwa akimwuliza.

"Muda, Noe."

"Halafu huo muda unaupeleka wapi? Unakwenda kukaa kwenye kiti cha plastiki na kula karanga za bei ya dhahabu. Wewe hulipii muda, baba. Unalipia usisimame na watu."

"Na watu wenyewe umewaona?"

Hapo Noelie alicheka, maana kweli alikuwa amewaona.

Ovide alipokufa, jina lake lilibaki. Huko Louisiana, kama kwingine Marekani, kujiunga na kitu ni kubonyeza mara moja. Kujitoa ni kupiga simu, kupigiwa muziki, kuambiwa usubiri, kisha simu ikatike. Mjane gani ana kifua cha hayo? Benki ikaendelea kulipa kimyakimya. Na nyumba inayolipiwa kodi huku haina mtu, haichelewi kupata mpangaji.

Noelie aliporudi kwake Breaux Bridge, mpangaji alirudi naye.

Kwanza ilikuwa sauti. Magurudumu ya sanduku la safari yakiburuzwa juu ya mbao za ukumbini, kruu, kruu, kutoka chumbani hadi mlango wa mbele, mchana kweupe, jirani akikata majani nje. Noelie akasema ni panya. Panya mwenye sanduku, sawa. Kisha ikawa ile harufu, kwenye taulo, kwenye mto, mpaka kwenye kahawa.

Jumatatu moja alikuwa jikoni akikaanga unga wa mchuzi wa gumbo, na kila aliyezaliwa upande ule anajua kwamba unga ule ukishaanza kugeuka rangi hauachwi, hata nyumba ikiwaka moto utaondoka na sufuria huku unakoroga. Akasikia magurudumu yameanza chumbani. Akakoroga. Yakapita ukumbini, hayakwenda mlangoni kama siku zote bali yakakata kona kuja jikoni, polepole, kama mtu anayejua kwamba huyu mwanamke hawezi kugeuka, yakavuka kizingiti, kruu, yakapita kando ya meza, na harufu ya mafuta ya kunyolea ikapanda mpaka ikaumeza unga na vitunguu, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya zulia lililolowa na kufungiwa chumbani miaka, na magurudumu yakasimama nyuma ya visigino vyake, na pumzi, baridi kama ya mlango wa friji, ikamgusa shingoni pale pale ambapo Ovide alikuwa akimbusu.

"Noe," sauti ilisema. Ilikuwa yake. Hata mikwaruzo ya sigara alizoacha. "Binti yetu Mireille atajifungua karibuni. Safari hii tutakwenda wote. Mtoto naye tutamwandikisha."

Noelie alikoroga kwa nguvu mpaka mwiko ukagonga sufuria. Hakugeuka.

"Kama wewe ni Ovide," alisema kwa sauti ndogo, "njoo uonje chumvi."

Miaka yote ya ndoa, Ovide hakuwahi kupita karibu na sufuria bila kuchovya kidole, akiungua na kutukana. Pumzi ile ilibaki pale pale, ikingoja, haikujua la kufanya.

"Nilidhani hivyo," alisema Noelie. Mashavu yamelowa, akaendelea kukoroga.

Jioni ile ile aliendesha gari mpaka kwa Shangazi Eunide Melancon, mwanamke mfupi, mkali, aliyetibu kwa sala za Kifaransa cha bibi zake na uzi wenye mafundo. Matibabu ya watu hawa yana sharti moja ambalo mtoto wa huko analijua kabla ya kujua kufunga viatu: mganga halipwi, wala hashukuriwi. Ukimshukuru, umemlipa kwa mdomo, na dawa imekufa.

Eunide alisikiliza bila kukatiza. Akaufunga uzi kwenye kifundo cha mkono wa Noelie, fundo baada ya fundo, midomo ikicheza. Kwenye baraza nje kitu kizito kiliburuzwa, kikashuka ngazi, gudu, gudu, kikaenda zake. Harufu ikakatika kama taa.

Noelie akasimama, mwepesi kama mtu aliyetuliwa gunia. Na kwa kuwa mama yake Philomène alimlea kwa adabu, mwanamke wa Kusini anayemshukuru hata polisi anayemwandikia faini, akafika mlangoni akasema, "Asante, Shangazi."

Akajifunika mdomo. Neno lilikuwa limeshatoka.

Uzi ukadondoka sakafuni wenyewe.

"Mtoto wa Philomène wewe!" Eunide akapiga paja lake. "Mdomo huo! Mdomo huo ndio utakaokuzika!"

"Shangazi, nisamehe. Fanya tena."

"Haifanywi tena. Kaa." Eunide alishusha sauti, akitazama mlango. "Nisikilize. Kitu hiki kinakula malipo. Kina jina, kina nafasi, na kila mwezi nafasi inalipiwa. Kwa nini kitoke? Wewe ungetoka?"

"Nifanye nini basi?"

"Ulikifungulia kwa kunyamaza, kifungie kwa kusema. Mwondoe mumeo kwenye ile karatasi yao, kwa kinywa chako. Na usipite tena njia ile. Ukikivusha mpaka kwenye chumba chenye mtoto aliyezaliwa leo, hakitakuwa na haja tena na jina la maiti; kitachukua la mtoto." Akaokota uzi sakafuni. "Kasimame na watu. Mahali pasipouzwa nafasi, hakina pa kuweka mguu. Kitakuomba. Kitakuomba kwa sauti ya Ovide."

Noelie alitaka kusema neno. Eunide akamwinulia kidole. "Nenda. Na ukinishukuru nitakutandika kofi."

Kampuni ile Noelie aliipigia siku nzima iliyofuata, na kila mara muziki ulipokatika, aliyepokea hakuwa mtu: ilikuwa pumzi, ikingoja. Asubuhi iliyofuata Mireille alipiga kutoka Denver. Uchungu ulikuwa umeanza kabla ya siku zake. "Mama, njoo. Nakuhitaji."

Ilikuwa Jumatano ya Majivu. Kama uliwahi kuwa New Orleans siku hiyo unajua: dunia nzima imekuja kwenye sherehe za barabarani za kabla ya Kwaresima, za shanga na manyoya, na asubuhi hiyo dunia nzima inataka kwenda kwao. Kwenye uwanja wa ndege, foleni ya ukaguzi ilikuwa imejikunja ndani ya jengo, imetoka, imerudi tena. Wanaume wenye shanga za zambarau shingoni na vichwa vinavyouma. Watoto wanalia. Mabibi wenye msalaba wa majivu kwenye paji la uso wakisimama karibu na wasichana ambao bado wamevaa manyoya. Pembeni, nyeupe na tupu, njia ya haraka.

Magurudumu yalikuwa yakimfuata tangu maegesho.

"Mama Trahan?" mhudumu wa njia nyeupe alimwita kabla hajafika. Skrini ilikuwa imeshawaka, na juu yake, wanachama wote wawili wa jina Trahan. "Karibuni. Hakuna mtu mbele yenu."

"Nipo peke yangu," alisema Noelie, akapita, akaenda mwisho wa foleni, nyuma ya lijamaa lililonuka pombe. Akapiga simu. Muziki ukaanza.

"Utachelewa, Noe," sauti ikamwambia sikioni, nje ya simu. "Tazama mlolongo huu. Mwanao anakulilia."

Foleni ikasogea hatua. Akasogea nayo.

"Mimi nimeshalipa. Kwa nini usitumie kilicholipwa? Noe, mama, hawa wananuka."

"Nanuka mimi?" lijamaa likageuka, maana nalo lilisikia.

"Si wewe, mwanangu," alisema Noelie. "Ingawa na wewe unanuka."

Safari hii muziki ulipokatika, pale katikati ya watu, alipokea mwanadamu: msichana mwenye sauti ya usingizi. "Nikusaidieje?"

"Nataka kumwondoa mume wangu."

"Tunasikitika kwamba unatuacha. Kabla hujaamua, tunaweza kukupa miezi mitatu ya bure..."

Na hapo sauti ya msichana ilianza kushuka, ikawa nzito, ikapata mikwaruzo, na ikawa Ovide ndani ya simu na Ovide nje ya simu kwa pamoja, akisema miezi mitatu, Noe, sita, mwaka mzima, nitakuwa nakusemesha kila siku jikoni, nitaburuza sanduku usiogope nyumba ikiwa kimya, unataka kweli kurudi kwenye ule ukimya, ukiniondoa hutaisikia tena sauti hii popote duniani, hata jumbe za sauti kwenye simu nilizifuta, unajua nilizifuta, mimi ndiye sauti yote iliyobaki, na baridi ikamshika shingoni, na mkono, mkono kabisa wenye pete, ukaingia katika mkono wake ulioshika sanduku ukaanza kuuvuta, taratibu, kwa upole wa mume, kuelekea njia nyeupe.

Noelie alilia kwa sauti. Watu wakatazama. Ilikuwa sauti yake kweli. Hilo ndilo lililommaliza nguvu. Angeipa kitu hiki nyumba na gari kwa ajili ya sauti ile. Lakini hakikuwa kimeomba nyumba.

"Mama, nifute?" aliuliza msichana, akiwa msichana tena. "Jina gani?"

"Ovide Joseph Trahan," alisema Noelie, na akasema kwa nguvu, mpaka wenye manyoya na wenye majivu wakasikia. "Mume wangu. Amekufa. Nilimvisha soksi mwenyewe. Huyo mnayemlipisha simjui. Mfute. Na mimi nifute, hata mkitaka kunilipa ninyi."

Kibonyezo kililia mahali fulani mbali.

Mkono uliokuwa ndani ya mkono wake ukawa hewa. Nyuma yake kitu kilianguka sakafuni kwa kishindo cha sanduku tupu, na watu wakaruka, wakatazama chini, wala hawakuona kitu. Harufu ikaisha. Na ukimya ukaja, ule ule alioahidiwa, mkubwa kuliko uwanja wa ndege. Noelie akaanza kukaa chini palepale. Lijamaa la pombe likamdaka kwapani bila kuuliza, na bibi mwenye majivu akamshika upande wa pili, wakasogea naye hatua moja, foleni iliposogea.

Ng'ambo ya kamba, mwanamume mwenye koti zuri aliingia njia nyeupe. Hakuna mtu mbele yake. Kioo kikafunguka, kikachelewa kufungika. Akageuka kutazama nyuma, akinusa.

"Wee! Baba!" Noelie alimpigia kelele. "Toka huko! Njoo usimame na sisi!"

Yule bwana alimtazama kama watu wanavyowatazama vikongwe wa viwanja vya ndege, akaenda zake.

Simu ikalia. Hakuwa Mireille; alikuwa mkwewe, hoi, akicheka na kulia. "Mama, ni msichana. Amekuja haraka, hakungoja mtu." Kisha akamsogezea mtoto simu, na kilio kikatoka, kikali, cha hasira, cha mtu mmoja tu asiye na mwingine ndani yake. Noelie akaiinua simu juu ili wote wasikie. Foleni nzima ikapiga makofi. Mtu akarusha shanga.

"Apite! Bibi apite mbele!" watu wakaanza kusema, wakifungua njia, wakisogeza mikoba. "Mpisheni, amepata mjukuu!"

Noelie Trahan alifuta uso kwa mkono wa gauni, akashika sanduku lake kwa mkono wake mwenyewe, akaikita miguu yake sakafuni kama mti.

"Hapana," alisema. "Nitangoja zamu yangu."