Kiti cha Utingo

Jua lilikuwa limeanza kuzama nyuma ya milima ya Flinders pale Tamsin alipobeba sanduku la barafu kutoka jikoni kwenda bandani. Ndani alikuwa amepanga soseji, siagi, kopo la bitiruti na nyama ya kondoo aliyoikata vipande mwenyewe. Kesho alfajiri yeye na mumewe Kerrod wangeondoka kwenda kupiga kambi porini, huko kusikokuwa na barabara. Ilikuwa mara yao ya kwanza. Pikapu yenyewe Kerrod alikuwa ameinunua wiki ile kwa mzee mmoja wa mji wa Hawker, na tangu asubuhi alikuwa akiizunguka kama bwana harusi anayesubiri kuitwa.

Sanduku lilikuwa zito. Tamsin akafungua mlango wa kushoto wa pikapu, upande wa abiria, aliegemeze kitini kidogo, apumzishe mikono.

Akasita.

Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele. Tamsin ni mwanamke mrefu, na asubuhi ile ile alikuwa amekisukuma nyuma mpaka mwisho ili magoti yake yapate nafasi. Sasa kilikuwa kimeikaribia dashibodi, kwa kipimo cha mtu mfupi. Akanusa. Kulikuwa na harufu ya sabuni, ile ya maua ya kizamani, imechanganyika na harufu ya vumbi lililoguswa na mvua. Na mvua yenyewe hapo kwao Quorn walikuwa wameisahau.

Akaweka kiganja juu ya kiti.

Kilikuwa na joto.

Msimlaumu kwa alichokifikiria. Mwaka uliopita Kerrod alikuwa na mwanamke katika mji wa Whyalla, jina lake Janelle. Alikiri mwenyewe, akalia, akarudi nyumbani. Tamsin alimfungulia mlango, akampikia, akamfulia, lakini neno moja hakumpa: hakuwahi kumwambia amemsamehe. Safari hii ilikuwa wazo la Kerrod. Walale nje chini ya nyota, wawili peke yao, labda huko neno litatoka. Na Tamsin moyoni alitaka litoke. Alichoka kuishi na mtu huku akimnusa mashati.

Sasa, Janelle wa Whyalla ni mfupi.

"Nani alikaa humu?" aliuliza.

Kerrod akajiburuta kutoka chini ya gari, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko. "Humu wapi?"

"Usinifanye mtoto, Kerrod. Hapa kitini. Nani kakaa?"

"Si wewe? Punde hivi nilikuwa nafunga madumu ya maji kule nyuma, nikakiona kichwa chako kwenye kioo cha nyuma. Nikakuuliza tumechukua kiberiti, ukanyamaza. Nikasema haya, leo tena kaninunia."

"Mimi nilikuwa jikoni nakata vitunguu."

"Basi kioo kimenidanganya, mama." Akacheka, ila kicheko hakikufika mbali. "Sanduku weka nyuma. Hicho kiti ni chako, nimeshakuondolea na lile gunia la pumba. Yule mzee kichekesho kweli! Kalikalisha gunia kitini, kalifunga na mkanda kama bibi kizee, eti nisilitoe kamwe. Nimewamwagia kuku."

Tamsin hakucheka. Alilipeleka sanduku nyuma, akarudi jikoni na shaka yake mkononi.

Redio ya mkononi ilikuwa pale dirishani, inachajiwa. Ndogo, ya kuongea na ile iliyofungwa ndani ya pikapu. Kerrod alikuwa amemfundisha mchana: ukibonyeza kitufe unasema, ukiachia unasikia. "Na mmoja akiking'ang'ania, mwenzake hapenyi hata apige kelele," alisema, "kwa hiyo wewe na maneno yako, nihurumie." Walikuwa wamecheka pamoja, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Sasa redio ikakwaruza.

Krrr...

Kisha mwanamke akacheka. Kicheko kifupi, cha chini, cha mtu aliyeziba mdomo asisikike.

Tamsin aliacha kisu cha vitunguu kikadondoka. Akatoka mbio, akapita mabandani mwa kuku, akafika kwenye pikapu akihema. Kerrod alikuwa juu kabisa ya mizigo, amepiga magoti, anakaza kamba huku akipiga mluzi. Mle ndani hamkuwa na mtu.

Lakini kipaza sauti cha redio kilikuwa kimetoka kwenye ndoano yake. Kilikuwa kinaning'inia kwa waya. Kinabembea.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Janelle! Umemficha wapi? Nimemsikia anacheka, Kerrod. Nimemsikia kwa masikio yangu haya!"

Kerrod alishuka polepole. Uso ulikuwa umemshuka kabla ya miguu. "Tam, Janelle keshahamia Perth tangu Pasaka. Ameolewa huko. Humu hamna mtu, angalia. Chungulia chini ya gari, fungua na visanduku ukitaka."

"Kiti kina joto. Kinanuka sabuni ya mwanamke."

"Kiti kimepigwa na jua."

"Ndani ya banda?"

Kerrod alijifuta mikono kwenye suruali. Alipoongea tena, sauti ilikuwa imepungua.

"Mwaka mzima nimekuomba msamaha. Mwaka mzima, mke wangu. Leo nakuuliza mara ya mwisho, nijue moja. Umenisamehe au hujanisamehe?"

Neno lilimfika Tamsin kooni. Ni kweli kabisa, lilimfika. Lakini pua yake ilikuwa bado na ile sabuni.

"Nenda na huyo uliyemkalisha kitini," akasema.

Kerrod alitikisa kichwa, kama aliyepewa alichokitarajia. "Sawa. Basi naondoka sasa hivi, mwenyewe. Nitalala kule kijitoni, mbele ya lango la tatu la malisho. Ukipoa, njoo asubuhi na gari lako." Akaenda nyuma ya banda kuchukua tandiko lake la turubai.

Tamsin hakumsubiri. Alirudi jikoni, akabamiza mlango. Akasikia injini inawaka, na mawe yanakwaruza chini ya matairi. Akachukua simu. Namba ya yule mzee muuzaji, Haldane, ilikuwa imebandikwa kwenye friji. Kama kulikuwa na mwanamke aliyeonekana na lile gari siku ya kununua, mzee angesema. Wazee hupenda kusema.

"Mzee Haldane, shikamoo. Mimi mke wa Kerrod, aliyechukua pikapu yako. Samahani kukusumbua jioni hii. Nina swali moja tu. Ni mwanamke gani anayeonekana na gari hilo?"

"Gunia bado lipo kitini?" mzee aliuliza.

"Kuku wameshazila pumba zake."

"Na wewe uko wapi, binti yangu? Niambie umekaa wewe pale kitini."

"Niko jikoni kwangu. Mume wangu kaondoka peke yake."

Alisikia mzee anavuta pumzi, inakwamakwama.

"Mke wangu, jina lake Una, ndiye aliyekuwa utingo wangu," alisema. "Huku kwetu unajua, anayekaa kushoto ndiye anashuka kufungua malango. Alikuwa mfupi, makomeo mengine hayafikii, tukawa tunataniana. Siku moja kashuka kufungua lango kule juu milimani. Nikapitisha gari, nikasubiri. Hakurudi kitini. Polisi walitafuta, majirani wakatafuta, hata kiatu hawakuokota. Baadaye nikawa napita huko peke yangu, na lango likafunguka. Nikamwona Una kakaa pembeni yangu, ananukia sabuni yake. Nilifurahi, binti yangu. Usiniulize kwa nini sikuogopa. Nilifurahi."

"Kwa hiyo ni yeye..." Tamsin aligeuka kutazama dirishani. "Ni mzimu wa mkeo?"

"Nilidhani hivyo. Lakini Una hakuwa na kicheko kile." Mzee akashusha sauti kabisa. "Hakipendi kiti kitupu, kitu hicho, ndiyo maana nikakalisha gunia. Kinakaa, na kinavaa sura ya yule ambaye dereva anamtamani. Na kitu kingine nilikigundua kwa kuchelewa. Kinafungua malango ya kwenda. Ya kurudi, hakifungui. Mkimbilie mume wako. Asifike..."

Tamsin hakusubiri amalize. Alitupa simu, akanyakua redio dirishani, akatoka hadi barazani.

Bado kulikuwa na mwanga, ule mwekundu hafifu unaobaki juu ya malisho. Kondoo walikuwa wamejikusanya pembeni mwa uzio, wote wameipa njia mgongo. Pikapu ilikuwa imeshafika lango la kwanza. Imesimama. Taa zake za nyuma zinawaka.

Mlango wa kushoto ukafunguka.

Mtu akashuka.

Hakuwa mfupi. Alikuwa mwanamke mrefu, na alikuwa amevaa koti la bluu. Tamsin akajitazama kifuani. Koti la bluu alikuwa nalo, mwilini mwake. Yule kule akafungua lango, pikapu ikapita, akalifunga vizuri na mnyororo kama afanyavyo mtu wa shamba. Halafu akageuka. Akaitazama nyumba. Akatazama baraza.

Akainua mkono, akapunga.

Kisha akarudi kitini.

Tamsin akaanza kukimbia. Gari lake lilikuwa upande wa pili wa nyumba na funguo hakukumbuka ziko wapi, kwa hiyo alikimbia kwa miguu, akikanyaga mashimo ya sungura, redio mkononi.

"Kerrod! Simama! Kerrod, mimi niko huku!"

Akaachia kitufe asikilize.

Krrr...

"...sikutegemea," Kerrod alikuwa anasema. Redio ya garini ilikuwa imeshikiliwa kitufe, kila neno linatoka. Sauti yake ilikuwa nyepesi, ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Nimetoka nyuma ya banda nakukuta umeshakaa. Nikasema nisikuguse, nisiharibu. Mbona hunijibu, Tam? Bado umekasirika?"

Tamsin akabonyeza. "Siyo mimi! Kerrod, siyo mimi huyo!"

Hakupenya. Aliking'ang'ania kitufe, akapiga kelele mpaka koo likamuuma, na kila alipoachia alisikia injini, na chupa zinagongana kwenye mizigo, na mumewe anapumua. Huko mbele lango la pili likafunguliwa, likafungwa. Yeye hakuwa amefika hata la kwanza.

Kisha akaisikia.

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Siyo inayofanana nayo. Yake, na ule mkwaruzo wake wa asubuhi.

"Nimekusamehe, Kerrod."

Kerrod alianza kulia. Alilia vibaya, kama mtoto aliyepotea sokoni akaonwa na mama yake, na Tamsin alisimama katikati ya malisho akisikiliza mumewe analilia neno ambalo yeye alikuwa nalo kooni na hakulitoa. Wivu ulimchoma, wivu wa ajabu, wa kumwonea mtu aliyevaa sura yake. Uchungu ukamzidi hofu.

"Umenisamehe kweli?"

"Kabisa. Twende."

Kitufe kikaachiwa.

Redio ikanyamaza. Njia ilikuwa wazi. Tamsin akabonyeza kwa vidole viwili, akijilazimisha asipige kelele, maneno yatoke sawasawa.

"Kerrod, mume wangu, nisikilize. Ni mimi, Tamsin. Niko malishoni, karibu na lango la kwanza. Nimekusamehe. Nilikuwa nimekusamehe tangu zamani. Simamisha gari, shuka, rudi kwa miguu. Tafadhali. Rudi."

Akaachia. Akasubiri.

"Nani mwenzangu huyo?" Kerrod aliuliza. Sauti ilikuwa imebadilika. Ilikuwa na shaka, shaka ile ile ambayo Tamsin aliijua vizuri kwa sababu alikuwa ameilea mwenyewe mwaka mzima. "Wewe mama, acha mchezo. Mke wangu niko naye hapa."

"Kerrod, mguse! Mguse mkono uone kama..."

"Tam," Kerrod alisikika akimwambia aliyekaa pembeni yake. "Sikia hii. Kuna mtu anaiga sauti yako."

Kicheko kifupi. Cha chini.

"Zima, mpenzi," ilisema sauti ya Tamsin. "Ngoja nishuke nikufungulie lango."