Uzi wa Kitambaa cha Mama

Kila siku akitoka shuleni, Micheline alivua sare, akaosha vyombo vya asubuhi, kisha akamsaidia tantine Philomène kutwanga ndizi zilizochemshwa kuwa lituma. Kazi ikiisha aliketi barazani kwao mtaani Kabondo, akisikiliza kengele za baiskeli za toleka zikipita barabarani na abiria wao.

Saa hiyo ndiyo iliyomwia ngumu. Mama yake alikuwa Ubundu tangu kabla ya Noeli, akimuuguza koko, mama yake mzazi, aliyeanguka akavunjika nyonga. Papa Édouard, baba yake, alitengeneza baiskeli za watu mpaka jioni. Tantine Philomène, dada mkubwa wa papa, ndiye aliyehamia kuangalia nyumba, na hakuna aliyelala na njaa. Lakini mama alikuwa na desturi yake. Jua likipungua, alivuta kiti kifupi, akachukua uzi mweupe na sindano ya kroshe, ile yenye ncha iliyopinda, akaanza kufuma. Hakusema mengi. Micheline aliketi kando yake akijifunza, kitanzi baada ya kitanzi, na ukimya wao ulikuwa mtamu kuliko mazungumzo.

Mama alikuwa ameacha kikapu chini ya meza ya sala. Ndani yake mlikuwa na sindano na kitambaa cha duara, alichokianza katikati akienda ukingoni. Kilikuwa cha kufunika meza hiyohiyo. Kilifika ukubwa wa sahani pana, uzi ukaisha, na safari ikaja.

Siku moja Micheline alikitoa kitambaa kikapuni, akakiweka shavuni. Kilinukia sabuni ya mama. Akatamani kufuma kitu chake, kimfuko cha kutilia rozari ya mama, ampe siku atakaporudi. Sindano ilikuwepo. Uzi haukuwepo.

"Safu moja tu," alijiambia. "Nitairudisha."

Akachomoa sindano kwenye kitanzi cha mwisho, akavuta. Uzi ukaja bila kubisha, kitanzi kikifungua kitanzi. Akafuma. Kesho yake akakosea, akafumua, uzi ukachafuka na kukatika. Akavuta safu nyingine, na nyingine tena. Mikono ikiwa kazini, hamu ya kumwona mama ilimtulia kidogo. Kimfuko kilipopata umbo, kitambaa cha mama kilikuwa kimebaki kama kifuniko cha kikombe.

Tantine Philomène alimkuta barazani. Aliinama, akaushika uzi kwa vidole viwili.

"Uzi huu umetoka wapi, mutoto wangu?"

"Kadidja wa jirani alinipa, tantine."

Tantine aliutazama uzi, akamtazama na Micheline. "Bon," akasema, akarudi jikoni.

Jioni hiyo mama alipiga simu ya papa. Sauti yake ilikuja na kupotea, kama ilivyo kawaida ya mtandao wa Ubundu.

"Koko analala tu," alisema. "Nakaa kando ya kitanda chake mikono mitupu, nawaza nyumbani. Nitumieni kitambaa changu. Papa Évariste mwenye pikipiki anapanda kuja huku Jumamosi. Kitanifariji."

Micheline alikitazama kikapu chini ya meza ya sala. Mama naye alikuwa na hamu ileile, na dawa yake ilikuwa ileile, na yeye Micheline alikuwa ameivuta yote, safu kwa safu.

Kesho yake rafiki yake Kadidja alipita. Alikuwa jirani yao, binti wa mshona nguo, na ulikuwa mwezi wa Ramadhani.

"Micheline! Wewe unafuma tu? Umekuwa koko kabla ya wakati! Bado meno kung'oka!"

"Nenda ukacheze mchezo wako wa nzango."

"Leo niko nafunga, nani ataruka? Nimekuja kukaa tu."

Tantine alitoka na beseni la maji. "Ah, Kadidja. Asante kwa uzi uliompa mwenzako."

Kadidja alifungua mdomo, akaona macho ya Micheline yakimsihi. "Ee... si kitu, tantine," akasema.

Tantine alipoingia ndani, Kadidja aligeuka kama nyigu. "Uzi gani? Sema, uzi gani? Umenifanya nimwambie tantine uongo! Mchana wa Ramadhani! Tangu alfajiri sijanywa hata maji, na wewe unanichafulia saumu yangu kwa sababu ya uzi!"

"Nisamehe."

"Usiniombe mimi peke yangu." Akainuka, akaenda zake bila kuaga.

Micheline alibaki na kimfuko magotini. Alikuwa amedhani uongo wake ni mdogo na ni wake mwenyewe. Sasa ulikuwa umemwingia mtu aliyekaa na kiu tangu alfajiri. Aliinuka, akaenda jikoni, akaweka mezani kimfuko na kile kilichobaki cha kitambaa.

"Tantine, si Kadidja. Ni mimi. Nimekifumua."

Tantine Philomène alizima moto chini ya sufuria. "Nilijua tangu siku ile. Uzi mpya unanyooka. Uzi uliofumuliwa unabaki na mawimbi ya vitanzi vyake. Nilingoja useme mwenyewe, nikamwomba Mungu usichelewe. Alors, kwa nini?"

"Nilitaka kushika kitu alichokishika mama," Micheline akasema, na machozi yakaja.

Tantine alimwacha alie. Kisha akasukuma kimfuko mbele yake. "Uzi wa mama yako uko humu. Kifumue."

Hilo lilimuuma kuliko fimbo. Alivuta, na kimfuko alichokipenda kikaisha mikononi mwake. Tantine akamfundisha kuuzungusha uzi kwenye mgongo wa kiti, kuulowesha na kuuacha ukauke umevutwa, mpaka mawimbi yakalala. Wakaunga vipande vilivyokatika, tantine akanunua na uzi mpya. Kila alasiri Micheline alifuma safu za mama upya. Kadidja naye alirudi, akaombwa msamaha sawasawa, akasamehe, akakaa akihesabu vitanzi kwa sauti ili mwenzake asikosee.

Kabla ya Jumamosi, Micheline aliomba simu ya papa, akamwambia mama kila kitu. Mtandao ulikwaruza, asijue kama amesikika.

"Mama?"

"Niko hapa. Ungeniomba, mwanangu, ningekwambia ukifumue hata chote."

Maneno hayo yalimfanya alie tena, lakini alilala vizuri.

Kitambaa kilisafiri na papa Évariste, pamoja na sindano na uzi mpya. Papa Édouard alimwona bintiye akizungusha vidole hewani bila kitu. Akachukua njiti ya gurudumu la baiskeli, akaipiga tupa, akaikunja ncha. "Jaribu hii," akasema.

Wiki iliyofuata mama alipiga simu. "Safu zako zimekaza mno. Nikipitisha kidole katika giza najua pale ulipoanza. Sitazigusa. Nafuma yangu kuzizunguka."

"Utarudi lini, mama?"

"Koko akisimama."

Micheline alirudisha simu, akaketi na sindano yake ya njiti na uzi kidogo uliobaki. Hamu ilikuwa palepale. Tantine Philomène alivuta kiti chake karibu.

"Mutoto wangu, kumkumbuka mama si dhambi," alisema. "Na kazi ya mikono nyumbani ni zawadi ya Mungu, inatuliza moyo. Lakini kitu cha mtu, hata cha mama yako, unaomba. Ukichukua kwa siri utasema uongo, na uongo hauishi peke yake, utamtafuta na rafiki yako. Omba kwanza. Haya, nionyeshe unavyoanza katikati. Mimi nilijifunza zamani, vidole vimesahau."